Okidi za Kitulo: tazama mgongoni mwa ua

Kila Januari napanda kona 57 kutoka Chimala hadi Matamba, nakwenda Kitulo, kusini mwa Tanzania, kuhesabu maua ya okidi. Uwanda ule uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Baridi na ukungu haviishi, na mvua ikikolea majani yanafunikwa na maua. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, iliyotengwa hasa kwa ajili ya mimea yake.

Anayeniuliza "hii ni okidi gani?" huwa ameshaangalia rangi. Rangi inapotosha. Okidi za pale ni za jenasi kadhaa: kuna Satyrium nyeupe, za waridi na za rangi ya chungwa, na Disa nazo zina rangi zake nyingi. Mimi naanzia mgongoni. Shika bua taratibu bila kulichuma, tazama nyuma ya ua moja, utafute mkia, yaani kile kijimrija chembamba kinachotunza nekta.

Ukikuta mikia miwili inayoning'inia sambamba, umeipata Satyrium. Sababu yake hainichoshi kuisimulia. Katika okidi nyingi, ua likiwa bado tumba hujipinda nusu mzunguko, na ile petali ya pekee tunayoiita mdomo hushuka chini, mdudu akapata pa kutua. Satyrium haijipindi. Mdomo wake hubaki juu, ukajikunja kama kofia, na mikia yote miwili hutokea kwenye kofia hiyo.

Disa pia ina kofia, na hapo ndipo wengi hukosea. Kofia ya Disa si mdomo bali ni sepali, yaani jani la nje la ua, na mkia wake ni mmoja tu. Habenaria, jenasi ya tatu, mara nyingi ni ya kijani au nyeupe, mkia mmoja umetoka kwenye kitako cha mdomo, pengine mrefu ajabu, ambao ni nondo wenye ulimi mrefu wanaoufikia.

Nakusihi, usifukue. Chini kuna viazi viwili: cha zamani kinachosinyaa, na kipya kinachobeba mmea wa mwaka ujao. Hivyo ndivyo vinavyochimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi: Disa, Satyrium na Habenaria pamoja. Mwaka jana nilirudi kwenye kundi la Satyrium nililokuwa nikilihesabu nje kidogo ya hifadhi. Nilikuta mashimo. Nilikaa pale muda mrefu, kisha nikaandika sifuri kwenye daftari.