Je, mazoezi uliyokosa hufidiwa wiki ya mwisho?

Wengi huamini kwamba aliyekosa mazoezi wiki 2 kwa kuteguka kifundo cha mguu lazima akimbie maradufu wiki ya mwisho kabla ya mbio zake za kwanza za kilomita 5. Nia ni njema, ila mwili hauendi hivyo. Pumzi hupungua kidogo tu kwa muda huo, na zoezi gumu la leo huzaa matunda baada ya siku 10 hivi. Kabla ya hapo huacha uchovu. Kano, nyuzi zinazounganisha misuli na mifupa, nazo hukawia kuimarika kuliko mapafu, ndiyo maana ukikimbia maradufu ugoko au kisigino huanza kuuma.

Jipime: ruka kwa mguu ulioteguka mara 10. Ukiuma, usikimbie bado. Usipouma, kimbia taratibu dakika 20 huku ukiongea sentensi nzima. Pumzi ikikatika, changanya dakika 4 za kukimbia na 1 ya kutembea, hata siku yenyewe ya mbio.