Mtoto Mdogo Kwenye Meli ya Kitalii: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Mtoto wa umri wowote anapanda, mradi amelipiwa."
Sivyo. Kampuni nyingi humpokea mtoto kuanzia miezi 6, na miezi 12 ikiwa meli inavuka bahari kuu au inakaa siku kadhaa mfululizo bila kutia nanga. Zahanati ya melini ina daktari, lakini si bingwa wa watoto, na hospitali iko mbali. Halafu kichanga naye ni abiria kamili: chumba cha watu 3 hakimpokei wa 4 hata kama atalala kifuani mwa mama, kwa kuwa nafasi za boti za uokoaji hupangwa kwa idadi ya watu.

"Akivaa nepi ya kuogelea, anaingia bwawani."
Hapa ndipo watoto wengi hulia siku ya kwanza. Nepi hiyo hushikilia kinyesi kigumu kwa muda tu. Mkojo na uharo hupita. Meli zinazokaguliwa kwa kanuni za afya za Marekani hazimruhusu mtoto wa nepi katika bwawa la wote. Nafasi yake ni sehemu ya michezo ya maji iliyojengewa watoto kama yeye, na si kila meli inayo. Kabla ya kulipa, ulizia meli yenyewe kwa jina, maana meli za kampuni moja hutofautiana. Kumpenyeza kwa siri ni kuwakosea wenzako: akichafua maji, bwawa linafungwa hadi litibiwe. Na kwa kuwa mabwawa mengi ya melini hayana mwokoaji, mzazi akae pale ambapo mkono wake unamfikia mtoto.

"Kitakasa mikono kinatosha."
Norovirus, kirusi cha kutapika na kuharisha, hakifi vizuri kwa spiriti. Sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kabla ya kula na kila baada ya kubadilisha nepi.

"Kadiri mtoto anavyokuwa mdogo, ndivyo bahari inavyomlevya."
Walio chini ya miaka 2 hulewa kwa nadra. Wanaosumbuka zaidi ni wa miaka 2 hadi 12. Chagua chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini. Omo (mbele ya meli) na tezi (nyuma yake) hupanda na kushuka kama ncha za pembea, ilhali katikati panatikisika kidogo. Dawa hufaa ikitolewa kabla ya mawimbi, si baada ya kutapika, na kipimo akipange daktari. Baadhi ya dawa hizi humfanya mtoto achangamke kupita kiasi badala ya kusinzia, kwa hiyo mwulize daktari kama mnaweza kuijaribu nyumbani kwanza. Kiraka cha dawa ya scopolamine cha nyuma ya sikio ni cha watu wazima, mtoto asibandikwe.

"Klabu ya watoto itawapokea wote."
Kwa kawaida ni kuanzia miaka 3, tena awe anajua kwenda chooni mwenyewe. Wadogo zaidi wana chumba cha malezi, kama kipo: hulipiwa kwa saa na nafasi hujaa mapema.

"Vitu vyote vikae kwenye mabegi makubwa."
Mabegi hayo huweza kuchelewa kufika chumbani kwa saa kadhaa. Mkoba wa mkononi ubebe nepi za siku nzima, maziwa ya kopo ambalo halijafunguliwa, dawa, nguo za kuogelea na pasipoti. Birika la umeme liache nyumbani, kwani hukamatwa bandarini kwa hofu ya moto. Maji ya moto ya chupa za mtoto mwombe mhudumu.