Kabla ya kuchagua fonti, andika "ng'ombe"

Wateja wa majarida wakinijia, wengi huwa wameshachagua fonti: Bodoni. Wameiona kwenye majalada ya mitindo, na kweli inapendeza. Mistari minene imenona, myembamba ni kama unywele. Mwaka jana, kwa jarida moja, niliikubali kwa shingo upande, ukubwa wa pointi 9, kwenye karatasi ya gazeti. Kwenye kompyuta ilikuwa safi. Nakala zilipotoka mtamboni, kile kijistari cha tumboni mwa "e" kilikuwa kimetoweka, na "elewa" ikasomeka "clcwa". Siku hizi Bodoni naiacha kwenye vichwa vya habari, pointi 30 kwenda juu.

Times New Roman inadharauliwa kwa sababu tuliizoea kwenye barua za kuomba kazi. Lakini ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia 1932, ili maneno mengi yaenee kwenye safu nyembamba bila kumchosha msomaji. Sisi wa Kiswahili ubanaji huo unatufaa sana. "Hawakuwasikiliza" lina herufi 16! Liweke kwenye safu ya sentimita 4 kwa fonti pana, unyooshe kingo zote mbili, uone mianya itakayobaki kwenye mstari wa juu yake. (Na programu ikikata maneno kwa kanuni za Kiingereza, silabi zetu zinachinjwa ovyo. Zima ukataji huo, ukate mwenyewe.)

Georgia ni mojawapo ya fonti hizo pana. Matthew Carter aliichora kwa ajili ya skrini, Microsoft wakaitoa 1996, na kwenye simu bado naipenda. Tatizo ni tarakimu zake. Andika 1964: 9 na 4 zinashuka chini ya mstari, 6 inapanda. Ndani ya aya ni nzuri; kwenye jedwali la bei zinayumba kama walevi.

Kila fonti ya serifu (yenye vijistari vidogo kwenye ncha za herufi) ninayoifikiria, kwanza naiandikia "ng'ombe wang'ang'anizi" na kuichapa kwenye karatasi ileile ya kazi. Natazama ritifaa, ile alama ya ('): imekaa karibu na g, au imeacha pengo hadi neno linaonekana mawili? Hapo nyingi huanguka.

Jarida lile tulilihamishia Source Serif, ya bure, yenye unene wa kila aina. Mhariri bado ananiulizia Bodoni yake. Namwonyesha jalada.