Hukusaini mkataba? Bado unaweza kuwa mwajiriwa

Ukizunguka Ngamiani hapa Tanga utasikia tajiri akisema: "Yule si mwajiriwa wangu, hatujaandikishana." Na kijana wa dukani anakubali, anaondoka mikono mitupu. Sheria haisemi hivyo, na inauma kuona watu wanapoteza haki kwa kuamini maneno hayo.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inaangalia kazi yenyewe. Nani anakupangia saa na namna ya kufanya kazi? Vifaa ni vya nani? Unamtegemea huyo mmoja kwa kipato? Umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu iliyopita? Likithibitika hata moja kati ya hayo, unahesabiwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 ni chache mno. Muuza duka anazimaliza ndani ya wiki.

Fundi uliyemwita kuziba bomba ni habari nyingine: anakuja na spana zake, anamaliza, analipwa, anakwenda kwa mteja mwingine.

Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri. Mkifika kwenye shauri naye hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unamwangukia yeye.

Ukiachishwa isivyo halali, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hukwamia hapo, wakisubiri tajiri apoe hasira.