Mgongo wa kitabu haukadiriwi kwa macho

Kitabu kimebandikwa gluu vizuri, kimekatwa vizuri, af unakiangalia, jina la mwandishi lililotakiwa kukaa mgongoni (ule upande kurasa zinaposhikana) nusu yake limehamia kava la mbele. Inaniuma kweli maana mtu ameshalipia nakala zote, na chanzo mara nyingi ni hesabu za unene wa mgongo tunazopeana kwa mazoea.

Dhana ya kwanza: kurasa 200 ni karatasi 200. Hapana jamani, karatasi moja ina kurasa mbili, kwa hiyo gawa kwa mbili kwanza, unapata karatasi 100, ndo uzidishe na unene wa karatasi moja. Bondi (karatasi ya kawaida ya ofisini) ya gramu 80 inacheza kwenye milimita 0.1, mgongo unakuja kama milimita 10. Na hesabu kurasa zote, hata zile tupu.

Sasa kwenye gramu ndo wengi wanapotelea. Wanaamini gramu 80 popote ni unene uleule. Gramu ni uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba, unene ni habari nyingine kabisa, ile ya kung'aa ya magazeti ya picha imebanwa inakuwa nyembamba, ile ya krimu ya riwaya imejaa hewa inakuwa nene, na gramu ni zilezile. Cheki Amazon KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, karatasi nyeupe unazidisha kurasa kwa inchi 0.002252, krimu kwa 0.0025 (hizo ni kwa ukurasa, usigawe tena kwa mbili). Kurasa 200 nyeupe zinatoa milimita 11.4, krimu 12.7.

Mchapaji asipokupa unene, muombe karatasi 100 za ileile atakayotumia, zibane kwa nguvu mezani, pima kwa rula, gawa kwa 100.

Wengine wanadhani kila kitabu lazima kiandikwe mgongoni. KDP chini ya kurasa 79 hawakubali kabisa, na hata ukiruhusiwa acha milimita 1.6 kila upande wa maandishi, kwa sababu kava likikunjwa huwa linasogea kidogo.

Na ile ya "kava limeshakamilika, tunaongeza tu kurasa kidogo" naomba tuiache. Kitabu cha A5 (upana milimita 148) chenye mgongo wa milimita 10, upana wa faili la kava lake ni 148 ya nyuma + 10 ya mgongo + 148 ya mbele, jumlisha milimita 3 za ziada za kukatwa kila upande, 312. Ongeza kurasa 40 za bondi ileile, mgongo unakuwa 12, faili 314, na kila kilichopo mgongoni kinapangwa upya.