Je, wajua kwa nini maikrofoni nzima huwa bubu kwenye gari la kale la kijeshi?

Maikrofoni ni nzima, amplifaya ni nzima, waya hazijakatika, na bado dereva hamsikii mwenzake. Mara nyingi tatizo ni kwamba umeunganisha vifaa vya mifumo miwili tofauti.

Maikrofoni ya mkononi T-17, ya magari ya Jeep na vifaru vya Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ni ya kaboni. Nyuma ya kiwambo chake, yaani utando unaotikiswa na sauti, mna chembechembe za kaboni. Ukiongea, kiwambo huzibana na kuziachia, ukinzani ukapanda na kushuka. Yenyewe haizalishi umeme. Hutikisa tu mkondo inaoletewa na amplifaya. Mfumo wa VIC-1 wa mawasiliano ya ndani ya gari, uliofungwa kwenye magari ya deraya kama M113, unataka maikrofoni ya dainamiki ya omu 150, yenye koili inayocheza kwenye sumaku na kuzalisha milivolti chache tu. Ukiunga kaboni hapo, hakuna mkondo wa kuitikisa, basi kimya. Ukiunga dainamiki kwenye mfumo wa kaboni, sauti ni hafifu mno, na mkondo unaopita kwenye koili huivuta upande mmoja.

Usiamini umbo la plagi, maana hubadilishwa sana. Pima. Chomoa maikrofoni kwanza. Kwenye plagi PL-68 ya T-17, ncha ni ya kitufe cha kuongelea, pete ya kati ni ya maikrofoni, shina ni ethi. Weka mita kwenye omu, gusa pete na shina, kisha bonyeza kitufe. Hapa ndipo wengi hukosea: kitufe hicho hufunga pia njia ya maikrofoni, kwa hiyo usipokibonyeza utadhani waya umekatika. Ongea. Namba zikichezacheza, kaboni ni hai. Zikikwama bila kucheza, huenda chembe zimegandamana kwa unyevu. Igongegonge taratibu kiganjani huku ukiigeuza, ikiwa bado imechomolewa. Ncha na shina zisiposhuka karibu na sifuri kitufe kikibonyezwa, safisha swichi kwa spiriti.

Kaboni ikiwa imekufa kabisa, kapsuli ya kisasa ya elektreti (maikrofoni ndogo inayotumia umeme kidogo) huingia vizuri ndani ya ganda la T-17. Ila isiunganishwe peke yake: mkondo wake haufiki miliampia 1, na transfoma ya kaboni haitausikia. Iongezee transista ya kukuza mkondo, na uangalie chanya na hasi. Kaboni haikujali upande, elektreti inajali.