Je, wajua kwa nini mkanda wa kifo cha Kennedy ulikaa miaka 11 bila kuonyeshwa kwenye TV ya nchi nzima?

Ule mkanda wa Rais John F. Kennedy akipigwa risasi pale Dallas, ambao leo yeyote mwenye bando anaucheki YouTube, haukupigwa na mwandishi wa habari. Aliupiga Abraham Zapruder, mzaliwa wa Kovel (siku hizi ni Ukraine), miaka 58, mwenye kiwanda cha nguo za kike, kamera kwake ilikuwa ya kupigia familia tu. Na tarehe 22 Novemba 1963 alikuwa kaiacha nyumbani, sekretari wake ndo akamkomalia mpaka akaifuata.

Akapanda kwenye kijinguzo cha zege ili aone vizuri, na kwa vile akiwa juu kizunguzungu kinamshika, mfanyakazi wake mwingine akamshikilia kwa nyuma. Risasi zikalia, watu wakalala chini, yeye wala hakuzima kamera. Sekunde 26 na ushee, bila sauti.

Sasa kwa nini watu hawakuona? Jarida la Life lilinunua haki zote kwa dola 150,000, likatoa picha moja moja kwenye kurasa zake, mkanda wenyewe likaufungia. Ila na Zapruder mwenyewe alikuwa na hofu yake, aliota mtu yuko Times Square anaita wateja waingie kuona kichwa cha rais kikipasuka, hivyo akaomba fremu (picha moja ya mkanda) namba 313 isitolewe, maana hiyo ndo inayoonyesha kichwa kikipasuka. Dola 25,000 za kwanza alizitoa kwa mjane wa polisi J.D. Tippit aliyeuawa siku hiyohiyo.

Wapelelezi lakini waliuona mapema na waliutumia kama saa: FBI waliipima kamera ile wakakuta inapiga fremu 18.3 kwa sekunde, kwa hiyo ukihesabu fremu kati ya tukio moja na lingine unapata muda uliopita, je mtu mmoja angewahi kufyatua risasi zote ndani ya muda huo? Hapo ndo mabishano ya mpigaji alikuwa mmoja au wawili yanapoanzia mpaka kesho.

Mwaka 1969 ulionyeshwa mahakamani New Orleans, nakala za wizi zikaanza kuzunguka, na Machi 1975 mtangazaji Geraldo Rivera akaurusha kwenye televisheni ya ABC. Watu wakaona kichwa kinarudi nyuma, wakati serikali ilisema alipigwa kutokea nyuma, wakawaka, yaani risasi ilitoka wapi? Mwaka uliofuata Bunge likaunda kamati ya kuchunguza upya.

Life nao, 1975 hiyohiyo, wakaurudisha kwa familia kwa dola moja!! Baadaye serikali ikauchukua uwe mali ya taifa, na 1999 ikaamuliwa familia ilipwe dola milioni 16. Zapruder hakuziona, alishafariki 1970. Hakimiliki familia ikaigawa bure kwa makumbusho ya The Sixth Floor hapohapo Dallas.